Mawe, Mizinga na Majina: Kumbukumbu za Mabaharia Kisiwani Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kimepokea vyombo vya bahari kwa karne nyingi, lakini makaburi yanayomtaja marehemu kuwa alikuwa mtu wa bahari ni machache mno, na mengi ya hayo machache ni ya watu waliotumikia manowari, yaani meli za vita za mataifa ya kigeni, ambazo zilikuwa na daftari za mishahara na maofisa waliopaswa kutoa hesabu ya kila mtu aliyepanda na kila mtu aliyekosekana. Uchache huo hautokani na uchache wa vifo. Manahodha, marubani na mabaharia wa majahazi walikufa maji kila msimu, na wengine waliuawa na homa wakiwa wametia nanga mbele ya Mji wa Kale wakingoja upepo ugeuke. Jiwe lenye maandishi lilihitaji mtu wa kulilipia na ofisi iliyokuwa na haja ya kulisimamisha, na vitu hivyo viwili havikupatikana kwa kila aliyeishi kwa kazi ya bahari.

Wenyeji wa pwani hawakukosa ufundi wa kujengea makaburi. Tangu zama za kale Waswahili walitumia matumbawe na chokaa kusimamisha makaburi ya minara, ambayo ni nguzo ndefu zilizoinuliwa juu ya makaburi ya watu wenye hadhi, na baadhi yake zilipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China yaliyopachikwa katika chokaa. Mabakuli hayo yaliletwa na vyombo vya bahari, kwa hiyo kazi ya baharia imo ndani ya kaburi la tajiri ingawa jina lake halimo. Katika makaburi ya Wamazrui, yaliyo karibu na Ngome ya Yesu, wamelala watu wa ukoo uliotawala Mombasa tangu karne ya 18 hadi mwaka 1837, ukoo ambao watawala wake walituma majeshi kwa majahazi hadi Pemba, Unguja na Pate. Hata hivyo watawala hao wanakumbukwa kwa nasaba na cheo chao, na wale waliowashikia usukani na kuwatwekea tanga hawakuachiwa alama yoyote mahali hapo.

Sehemu ya jambo hili ni ya dini. Mafundisho ya Kiislamu hupendelea kaburi lisilo na fahari, na kwa watu wengi wa Mji wa Kale mishahadi, yaani mawe mawili yasimamishwayo kichwani na miguuni mwa kaburi, yalitosha bila ya maandishi yoyote. Aliyekufa maji alikuwa na daraja yake mbali na jiwe, kwa kuwa Hadithi za Mtume zinamhesabu miongoni mwa mashahidi, na kwa kuwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, yanaruhusu sala ya maiti asiyekuwapo, jamaa waliweza kumsalia mtu ambaye mwili wake haukuonekana na kumsomea hitima nyumbani. Ugumu ulikuwa kwa mjane. Eda ya kufiwa, ambayo ni miezi minne na siku kumi, haikuweza kuanza kuhesabiwa mpaka kifo kithibitike kwa ushahidi au kadhi atoe hukumu kwamba aliyepotea ahesabiwe kuwa amekufa, na chombo kilichoondoka na kaskazi, au kilichotazamiwa kurudi na kusi, kingeweza kuchelewa msimu mzima bila ya mtu kujua kama kimezama au kimefungwa na upepo katika bandari nyingine. Kwa familia nyingi za mabaharia, neno la kadhi ndilo lililofanya kazi ambayo mahali pengine ilifanywa na jiwe la kaburi, kwani lilitangaza mbele ya watu kwamba fulani hayupo tena, na tangu hapo mirathi na ndoa viliweza kufuata njia yake.

Wareno, waliojenga Ngome ya Yesu kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, waliacha kumbukumbu za namna nyingine. Katika jumba la makumbusho lililomo ndani ya ngome hiyo kuna michoro ya ukutani ya karne ya 17, iliyochorwa kwa makaa na udongo mwekundu, inayoonyesha meli, watu, wanyama na majengo, na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya askari na mabaharia waliokuwa wakipitisha saa za zamu. Hakuna aliyetia sahihi. Pamoja na hayo, namna kamba, milingoti na matanga vilivyochorwa inaonyesha jicho la mtu aliyevijua kwa mikono yake, na ni vigumu kupata Mombasa ushahidi mwingine wa karne hiyo ulioachwa na mabaharia wa kawaida wenyewe badala ya wakubwa wao.

Ushahidi mkubwa zaidi wa enzi hiyo ulikuwa chini ya maji. Mnamo Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na mzingiro huo, ambao uliua watu wengi zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa silaha, uliendelea mpaka Desemba 1698 ngome ilipotekwa. Miongoni mwa meli zilizotumwa kutoka Goa kuiokoa ilikuwa Santo António de Tanná, manowari iliyoundwa Bassein nchini India, ambayo mwezi wa Oktoba 1697 ilikatika nanga, ikasukumwa ufukoni na kuzama chini ya kuta za ngome iliyokuja kuitetea. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi na wanaakiolojia, wakiongozwa na Robin Piercy kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimbua, na kazi yao ikawa miongoni mwa kazi za mwanzo kubwa za akiolojia ya chini ya bahari katika Afrika kusini mwa Sahara. Vyombo vya udongo, silaha na vifaa vya melini vilivyopatikana vimewekwa katika ngome ile ile, na mbao za meli zilirudishiwa mchanga ili zisiharibike. Waliofia katika ngome hiyo wakati wa mzingiro hawakuandikiwa jiwe linalojulikana, na vitu hivyo ndivyo karibu vyote walivyobakishiwa.

Kisa cha ofisa wa manowari kinachofahamika zaidi kisiwani ni cha Luteni John James Reitz. Mwanzoni mwa mwaka 1824 Kapteni William Fitzwilliam Owen, aliyekuwa akipima pwani za Afrika kwa ajili ya kuchora ramani, aliingia Mombasa na manowari yake Leven akakuta bendera ya Uingereza imekwisha kupandishwa, kwa kuwa Wamazrui, wakitishwa na Sayyid Said wa Oman, walikuwa wamekata shauri kutafuta ulinzi wa Waingereza. Owen hakuwa na amri kutoka London ya kukubali jambo hilo, lakini alilikubali mwezi wa Februari, kwa masharti yaliyojumuisha kukomeshwa kwa biashara ya watumwa na kugawana mapato ya forodha nusu kwa nusu, kisha akaendelea na safari yake akimwacha Reitz, ofisa kijana, awe mwakilishi wa Uingereza, pamoja na mwanafunzi wa uofisa aitwaye George Phillips na mabaharia wachache. Kumkabidhi luteni siasa ya mji ambao haukuacha kugombaniwa tangu karne ya 16 ulikuwa ujasiri unaokaribia uzembe. Reitz alisafiri kuelekea Pangani katika mvua za masika, akashikwa na homa, akafariki tarehe 29 Mei 1824, kabla ya kutimiza miezi minne ya kazi yake, akazikwa katika magofu ya kanisa la zamani la Wareno.

Phillips alishika nafasi hiyo kwa muda mpaka alipokuja Luteni James Emery, ambaye alikaa mpaka katikati ya mwaka 1826, serikali ya Uingereza ilipokataa kuutambua mkataba na bendera ikateremshwa. Kaburi la Reitz halina nafasi katika maisha ya mji wa leo, ilhali jina lake linatajwa kila siku na watu wasiojua alikuwa nani, kwa sababu wapima bahari walilitia katika ramani: Port Reitz, mkono wa bahari ulio magharibi ya kisiwa, ukavipa jina mtaa, hospitali na kwa miaka mingi uwanja wa ndege ambao sasa unaitwa Moi. Vivyo hivyo manowari Leven imekumbukwa kwa nyumba ya Leven iliyo ukingoni mwa bandari ya kale, na kwa ngazi za Leven zinazoteremka hadi majini, nyumba ambayo baadaye ilitumiwa na wamisionari, wafanyabiashara na maofisa wa kampuni ya Waingereza. Ramani ya Owen iliwagharimu watu wake sana, kwani homa za pwani za Afrika ziliua zaidi ya nusu ya waliotoka naye Uingereza, na wengi wao hawakupewa hata rasi ndogo ya kubeba majina yao. Ofisa alipewa ghuba nzima.

Baada ya hapo kitovu cha manowari za Uingereza kilikuwa Unguja, na Mombasa ilizipokea kwa nadra, kama mwezi wa Januari 1875, manowari Rifleman na Nassau zilipoipiga ngome kwa mizinga ili kumtoa akida Muhammad bin Abdallah aliyemwasi Sayyid Barghash, sultani wa Unguja. Mabaharia waliokufa wakivizia majahazi ya watumwa walikumbukwa zaidi katika kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini na katika makaburi ya kisiwa cha Chapwani, karibu na Mji Mkongwe wa Unguja.

Chapwani inaunganika na Mombasa kwa njia ya vita. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja ikiwa inafanyiwa matengenezo ya mitambo, ikaipiga mpaka ikazama, na watu 38 wakafa, baadhi yao wakazikwa Chapwani. Königsberg nayo ilijificha katika delta ya Rufiji, ambako iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake kumi ilitolewa, ikafungwa magurudumu na kupigana nchi kavu pamoja na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus iliishia Ngome ya Yesu, ambako maadui wawili wa Unguja wamewekwa pamoja kama vitu vya maonyesho. Kama kumbukumbu, mizinga hiyo ina upungufu wa wazi: mtazamaji hujifunza ukubwa wa mtutu na jina la meli, na akiondoka hajui hata mmoja wa waliokuwa nyuma yake.

Vita Vikuu vya Pili vilibadili hali ya kisiwa kwa ghafla. Wajapani walipoushambulia mji wa Colombo tarehe 5 Aprili 1942 na kuzamisha manowari kadhaa katika siku zilizofuata, kundi la manowari za Uingereza la Mashariki chini ya Admirali James Somerville lilihamia Kilindini, na shule ya Allidina Visram ikageuzwa kituo cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Miongoni mwa makaburi ya Mbaraki kuna mawe ya kipindi hiki yaliyosimamishwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba mkubwa na mdogo wawekewe jiwe la kipimo kimoja. Jiwe la baharia wa Uingereza hutambulika kwa nanga iliyochongwa juu ya jina, na admirali akifa hupata nanga ile ile ya mpishi wa meli. Ni kanuni ya haki zaidi kuliko desturi ya Owen, japo huwafikia tu waliomo katika daftari.

Wengi wa waliotoka Kilindini mapema Februari 1944 katika meli ya abiria Khedive Ismail hawakupata jiwe kwa sababu hawakuzikwa. Meli hiyo, iliyobeba watu zaidi ya 1,500 kuelekea Colombo, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wa kike, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldivi tarehe 12 Februari, ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Watu 1,297 walikufa, wakiwamo wanawake 77, na baadhi ya waliokuwa wakielea waliuawa na mabomu ya kina ambayo manowari Petard iliyatupa ili kuilazimisha nyambizi itoke chini yao, uamuzi ambao umejadiliwa na wanahistoria wa vita tangu wakati huo. Majina ya askari wa Kiafrika wasio na kaburi yaliandikwa katika Mnara wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi kwenye barabara ya Ngong, mamia ya kilomita kutoka gatini walikopandia meli, na Mombasa yenyewe haikupata mnara mkubwa unaowahusu.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ripoti hiyo iliwagusa hasa wapagazi wa nchi kavu. Wapakuzi na wapiga makasia wa bandari ya Mombasa, waliobeba vita hivyo kutoka melini hadi ufukoni, bado wanahitaji mtu wa kupekua daftari za forodha na za makadhi kwa ajili yao.