Bunduki za Bomba na Komeo: Somo Kutoka kwa Majirani Zetu wa Kenya

Leo tunavuka mpaka wa kaskazini na kuitazama Kenya ya miaka ya 1950. Katika maandishi yaliyotangulia tumezungumza juu ya katiba, kura na mahakama. Safari hii tutazungumza juu ya chombo ambacho fundi alikiunda gizani, na juu ya sheria iliyomnyonga aliyekutwa nacho.

Tuanze na maneno. Bunduki ina sehemu kuu tatu ambazo msomaji wa Kiswahili hukutana nazo vitabuni. Mtutu ni bomba inamopita risasi. Kitako ni ule mti unaoegemezwa begani. Kifyatulio ni kile kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke. Kitenzi chake ni kufyatua, nacho hakitumiki kwa bunduki pekee, kwani mtego pia hufyatuka. Aliyewahi kutega ndege utotoni anaelewa maana yake bila kamusi: kitu kimebanwa, kinasubiri, kisha kinaachiliwa ghafla.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau, waliojiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, waliingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Walikuwa na mapanga, mikuki na kiapo. Bunduki za kiwandani walikuwa nazo chache mno. Nyingine waliziteka, kama usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walipokivamia kituo cha polisi cha Naivasha. Lakini mateka hayakutosheleza mahitaji.

Hapo ndipo mafundi walipoingia. Bomba la maji likawa mtutu. Mti uliochongwa ukawa kitako. Komeo la mlango likawa mtambo wa kupiga risasi, likivutwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tairi. Baadhi ya wapiganaji walizifahamu silaha vizuri, kwa kuwa walipata kuwa askari wa Mfalme. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Hata hivyo, kujua kutumia bunduki ni jambo moja, na kuiunda ni jingine. Mpira hulegea, na bomba la maji halikutengenezwa kustahimili nguvu ya baruti. Silaha hizo zilikataa kulia zilipohitajika, zikalia zisipotakiwa, na mara nyingine zilipasuka mikononi mwa aliyezishika. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapa aliyeunda silaha kwa ajili ya adui aliweza kuwa majeruhi wake wa kwanza.

Hatari nyingine ilikuwa mahakamani. Chini ya Kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na silaha, au hata risasi, bila kibali kulikuwa kosa la kifo. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Dedan Kimathi. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 karibu na Nyeri, akashtakiwa kwa kumiliki bastola na risasi kinyume cha sheria, na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika kesi hiyo hakushtakiwa kwa kumuua mtu yeyote.

Hapa mwanafunzi makini atauliza: je, sheria ya kudhibiti silaha ni ya dhuluma? Jibu linahitaji utulivu. Walioitunga sheria ile hawakuchaguliwa na wale waliohukumiwa nayo. Mlowezi mweupe aliweza kupewa kibali cha bastola, ilhali jirani yake Mwafrika alinyongwa kwa risasi moja. Ubaya wake ulikuwa katika nani aliyeitunga, nani aliyebanwa nayo, na ukubwa wa adhabu yake. Lakini tusisahau upande wa pili. Usiku uleule wa uvamizi wa Naivasha, wanakijiji wa Lari, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa na wapiganaji, na baadaye wengine wengi wakauawa katika kisasi. Silaha haimuulizi mwenye kuishika kama hoja yake ni ya haki.

Ndiyo maana mataifa yetu, yalipokuwa huru, hayakufuta udhibiti wa silaha. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi, inayozitaka zihesabu utengenezaji wa silaha bila idhini kuwa jinai. Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015. Kwa hiyo fundi anayeunda gobore nyuma ya nyumba yake leo hawezi kujitetea kwa jina la Kimathi. Yeye ana kura, ana mbunge na ana mahakama. Kimathi alinyimwa hayo.

Ukifika Nairobi, pita katika Mtaa wa Kimathi. Sanamu yake imesimama hapo tangu mwaka 2007, imeshika bunduki. Serikali moja ilimnyonga mtu kwa sababu ya silaha. Nyingine ikamsimamisha barabarani akiwa nayo mkononi.

Maswali ya kujadili
1. Ni nini kinachoifanya sheria kuwa halali machoni pa raia?
2. Tunga sentensi tatu ukitumia kufyatua, kufyatuka na kifyatulio.
3. Je, sanamu inaweza kusahihisha hukumu? Toa hoja zako.