Almasi za Congo, tope la Mwadui

Filamu ya Congo niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto, kwenye banda la video mjini Kahama, tumebanana kwenye mabenchi. Kilichonibaki kichwani ni masokwe wa kijivu na volkano. Riwaya nimekuja kuisoma ukubwani, nakala ya mtumba, na jamani, ni hadithi nyingine kabisa.

Michael Crichton alikitoa kitabu mwaka 1980. Filamu ya Frank Marshall ikatoka 1995. Zote zinahusu kampuni ya Marekani inayotafuta almasi za buluu huko Virunga, kwenye magofu ya mji uitwao Zinj. (Zinj! Jina ambalo Waarabu wa kale waliliita eneo la pwani yetu, leo limehamishiwa msituni Congo. Haya, tuendelee.)

Kitabuni almasi hizo zinatakiwa kwa ajili ya kompyuta, na si uongo mtupu. Almasi ya buluu ina boroni ndani yake, na boroni ndiyo inayoifanya ipitishe umeme kidogo, wakati almasi nyingi hazipitishi. Filamu ikaona hayo ni somo refu, ikaigeuza almasi kuwa silaha ya leza. Hata Amy, sokwe anayeongea kwa ishara kitabuni, kavalishwa glovu inayomsemea.

Hayo nawasamehe. Kinachonikera ni volkano. Kitabuni, Karen Ross anatega baruti kwa ajili ya kupima miamba, na milipuko hiyo ndiyo inayouamsha mlima. Kwenye filamu mlima unalipuka wenyewe tu, na Ross kaja kumtafuta aliyekuwa mchumba wake. Bosi wa kampuni ni mbaya, sawa, lakini janga limekuwa la Mungu.

Kwa mtu aliyekulia kati ya migodi ya Geita na Shinyanga, tofauti hiyo si ndogo. Mwadui tunaisimulia kama sinema: John Williamson, mjiolojia wa Canada, kagundua almasi 1940; mwaka 1947 ikapatikana ya waridi, karati 54.5, Elizabeth wa Uingereza akapewa zawadi ya harusi. Safi. Ila Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka, tope likavamia mashamba na nyumba za watu. Mimi ni mwandishi wa habari, najua sentensi inayokuja haraka mkononi: "Bwawa lilibomoka." Kitenzi kimekaa vizuri, mtenda hayupo. Nani alilijenga, nani alilikagua, hayo huja aya ya kumi, kama nafasi ipo.

Na wapagazi? Kitabuni ni Wakikuyu, wanabeba mizigo ya wageni. Kwenye filamu nako wapo, na mizigo ni ileile. Hapo hakuna aliyeona haja ya kubadilisha kitu.