Snea Chini ya Mabati: Kuchagua Maikrofoni kwa Sauti Inazozikataa

Swali la maikrofoni ipi inafaa kurekodia ngoma ya snea huulizwa kana kwamba jibu lake limo ndani ya maikrofoni yenyewe. Mnunuzi hulinganisha bei, husoma mchoro wa masafa, kisha huchukua ile inayotajwa na watu wengi. Makala hii inashikilia msimamo mwingine. Kwa majengo na hali ya hewa ya nyanda za chai za Kericho na Bomet, maikrofoni ya snea ichaguliwe kwanza kwa sauti inazozikataa na upande inakozikatalia. Uzuri wa inachokisikia uje baadaye. Nimeuchukua mji mdogo wa Kedowa kuwa mfano kwa sababu pale vikwazo vyote hukutana.

Kedowa iko Kipkelion Mashariki, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kando ya barabara kuu ya kutoka Mau Summit kwenda Kericho na Kisumu. Malori ya mizigo hupita usiku na mchana. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hasa alasiri, na mkulima wa chai haambiwi mvua ya mawe ni nini. Seti za ngoma, ambazo vijana huziita drami, ziko makanisani zaidi kuliko kwingineko: katika Africa Gospel Church iliyokua kutoka misheni ya Tenwek, katika Africa Inland Church ambayo mizizi yake ya eneo hili iko Litein, na katika makanisa ya Kipentekoste yaliyofuata. Jengo la kawaida lina sakafu ya saruji, kuta tupu, na paa la mabati ambalo mara nyingi halina dari. Kwaya inayotaka kurekodi kwa drami halisi hurekodia humo, au katika chumba kidogo cha studio chenye paa la namna ile ile.

Nyimbo nyingi za Kikalenjin tunazozisikia redioni zina mapigo ya kinanda au ya kompyuta, na sababu moja ni hii hii: snea iliyorekodiwa vibaya chini ya mabati haitengenezeki tena. Fundi akiona matoazi yamejaa ndani ya njia ya snea, hufuta pigo halisi na kubandika pigo la kununua. Wimbo huokoka, lakini mkono wa mpigaji unapotea. Mpiga drami aliyejifunzia ibadani ana mapigo ya chinichini anayoyatia kati ya yale makubwa, na ana namna yake ya kulichelewesha pigo kidogo ili kwaya ipate pumzi. Hayo ndiyo ya kulindwa. Mapigo ya chinichini ndiyo ya kwanza kuzama kelele za vyombo jirani zinapoingia.

Ikumbukwe pia kwamba snea haikuundwa kusikilizwa kwa karibu. Ni ngoma ya askari wa miguu wa Ulaya, na nyaya zilizotandazwa chini ya ngozi yake ya pili huipa mchakacho unaopenya uwanjani penye vishindo. Afrika Mashariki iliingia pamoja na bendi za kijeshi na za misheni. Tangu miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wameshazigeuza bendi hizo kuwa beni, ngoma ya mashindano ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Katika gwaride la beni snea ilikuwa barabarani, chini ya mbingu, na hakuna ukuta uliomrudishia msikilizaji sauti yake. Tunapoiingiza katika ukumbi wa mabati na kuisogezea maikrofoni sentimita chache kutoka ngozini, tunasikia kitu ambacho hakuna sikio la binadamu lililowahi kukaa mahali pa kukisikia. Kwa hiyo wazo la maikrofoni inayotoa snea “kama ilivyo” halina msingi mkubwa. Kila tunachokirekodi hapo ni uteuzi, na uteuzi wenye maana ni wa kuamua nini kibaki nje.

Jirani mbaya kuliko wote ni haihati, lile toazi pacha linalokaa upande wa kushoto wa mpigaji, juu kidogo ya snea. Nishati yake iko katika masafa ya juu, mahali pale pale panapokaa mchakacho wa nyaya. Ukiongeza ung'avu wa snea baadaye, unaiongeza na haihati. Hapa umbo la usikivu wa maikrofoni huamua mengi. Maikrofoni ya kadioidi, yenye usikivu wa umbo la moyo, hupunguza sauti ya ubavuni kwa desibeli 6 hivi, na hukaribia kuwa kiziwi mgongoni, kwenye nyuzi 180. Supakadioidi hupunguza ubavuni karibu desibeli 9, lakini uziwi wake mkubwa uko kwenye nyuzi 126 hivi, na mgongoni hubaki na usikivu kidogo. Haipakadioidi hupunguza desibeli 12 ubavuni, uziwi wake uko karibu na nyuzi 110, ila kinachotoka nyuma hasa hukipunguza kwa desibeli 6 tu.

Tarakimu hizo zina matokeo ya moja kwa moja. Kadioidi ikiingizwa chini ya haihati, mgongo wake ukalielekea toazi na uso ukainamia ngozi, huiweka haihati mahali inaposikika kidogo kabisa. Kwa kuwa maikrofoni imeinama, mgongo huo huo pia umeelekea juu, yaani kwenye mabati. Haipakadioidi ikiwekwa vivyo hivyo hulifungulia paa dirisha dogo la nyuma. Inafaa zaidi pale ambapo stendi ya haihati na ngoma ndogo za juu zimebanana kiasi kwamba maikrofoni haina njia ila kuingia kwa ubavu. Ndiyo maana siamini kwamba ipo maikrofoni bora ya snea kwa jumla. Ipo inayofaa mpangilio wa drami hii, ya mpigaji huyu, katika pembe ambayo stendi itakubali.

Shure SM57, maikrofoni ya dainamiki iliyotolewa mwaka 1965 ikiwa na kapsuli ya ukoo wa Unidyne III ambayo Ernie Seeler aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1950, inapata nguvu yake hapa. Hurudiwa mara nyingi kwamba inapendwa kwa sababu ni nafuu na haivunjiki. Hayo ni kweli, na Kedowa yana uzito. Lakini mchoro wake wa masafa si wa ajabu: unaanza hezi 40 na kuishia 15,000, na una mwinuko juu ya hezi 5,000. Kinachoibakisha juu ya snea ni kwamba ni nyembamba, inapita chini ya haihati, na inakataa upande ambao fundi anaweza kuutumia. Kasoro yake ni kwamba sauti za ubavuni huingia zikiwa zimebadilika rangi. Sennheiser MD 441 na Beyerdynamic M 201 huzitunza vizuri zaidi, na mwenye uwezo wa kununua mojawapo hatajuta, mradi ajue uziwi wake uko wapi.

Umbali nao unashindana na umbo la usikivu, na mara nyingi hulishinda. Maikrofoni ikiwa sentimita 4 kutoka ngozini na sentimita 40 kutoka haihati, umbali peke yake umeipa snea faida ya desibeli 20. Ukiirudisha nyuma hadi sentimita 8 umepoteza takriban desibeli 6 za faida hiyo, ambazo mara nyingi ni zaidi ya tofauti utakayoipata kwa kubadilisha modeli. Mvua juu ya mabati haifuati hesabu hii, kwa kuwa inatoka juu kote na kujaza chumba kizima. Dhidi yake silaha iliyobaki ni ukaribu wenyewe, na saa ya kurekodi. Kanisa linaloweza kurekodi asubuhi limepata kile ambacho maikrofoni ya bei yoyote haiwezi kuuza. Na stendi inayoteleza polepole katikati ya wimbo ni hasara kubwa kuliko maikrofoni ya daraja la chini, jambo ambalo kamati za kununua vyombo hulisahau kabisa.

Wapo watakaosema kwamba maikrofoni ya kondensa ni aminifu zaidi, kwamba utando wake mwepesi huufuata mpigo wa kijiti haraka kuliko utando wa dainamiki uliobebeshwa koili. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Katika chumba kikubwa kilichotengenezwa, kondensa nzuri hutoa snea yenye hewa ambayo dainamiki haiifikii. Lakini tuhesabu. Karibu na ngozi mpigo mzito huweza kufika desibeli 130, ambazo ni paskali 63 hivi. SM57 hutoa takriban milivolti 1.6 kwa kila paskali, kwa hiyo pale hutoa milivolti 100: kiasi cha kutosha kwa kikuza sauti cha bei ya chini, bila mvumo wowote wa kuhofiwa. Kondensa ya kawaida ya milivolti 20 kwa paskali hutoa zaidi ya volti moja, na baadhi ya vifaa vya kuunganisha kompyuta huenda vikaanza kukwaruza. Tena inahitaji umeme wa volti 48 kupitia kebo yake, na unyevu ukitulia kwenye kapsuli huanza kutatarika. Mahali penye ukungu wa asubuhi na mvua ya alasiri, hilo ni jambo la kila wiki.

Pingamizi zito zaidi linatoka karibu na nyumbani. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko Kapkatet wimbo uliokuja kujulikana kama Chemirocha III, ukiimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake kwa kinanda cha nyuzi cha Kipsigis. Tracey, ambaye mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika ya ILAM, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, alizoea kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza kadiri wimbo ulivyokwenda. Mwaka 2014 ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha nakala za rekodi zake kwa jamii ya Wakipsigis. Mtu aweza kuuliza: ikiwa maikrofoni moja ilitosha kubeba watu wote wale hadi leo, kwa nini tuhangaike kuitenga snea peke yake?

Jibu ni kwamba Tracey naye alikuwa akikataa, ila kwa miguu na mkono wake. Aliwapanga wanamuziki, akachagua mahali pa kusimama, akaamua nani asogee. Fundi wa drami hana nafasi hiyo, kwa sababu haihati na snea zimefungwa mahali pamoja na mtu mmoja anazipiga zote. Uteuzi ambao Tracey aliufanya kwa kutembea, yeye aufanye kwa pembe. Nafuu moja ya Tracey fundi anaweza kuiazima: kabla ya kufikiria maikrofoni ya pili chini ya snea, ile inayofuata mchakacho wa nyaya, aisogeze seti yote kutoka katikati ya ukumbi, atandike zulia zito, na atundike mablanketi ukutani. Ya pili ikiongezwa, polariti yake igeuzwe, kwa sababu ngozi ya juu inapoikimbia maikrofoni ya juu, ya chini inaikaribia ya chini, na mwili wa ngoma hupotea zote mbili zikijumlishwa.

Kamati inayokwenda kununua basi imchukue mpiga drami wake. Apige haihati peke yake, snea isiguswe, na fundi avae hedifoni na kuizungusha maikrofoni polepole mahali itakapokaa siku ya kurekodi, hadi toazi liwe jembamba na la mbali. Kisha zijaribiwe nyingine katika pembe hiyo hiyo. Ile ambayo haihati yake imebaki ndogo bila kuwa kali wala ya bati ndiyo inunuliwe, hata kama snea yake ilipojaribiwa dukani haikung'aa kuliko zote.