Muthoni wa Kirima

Muthoni wa Kirima (aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, akafariki 4 Septemba 2023) alikuwa mpiganaji kutoka Nyeri, Kenya, katika Mau Mau, vuguvugu lililopinga ukoloni wa Uingereza, na mwanamke pekee anayetambuliwa kuwa alifikia cheo cha Field Marshal katika vita vya msituni.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba 1952, alikuwa kijana aliyeolewa. Alianza kwa kazi iliyofanywa na wanawake wengi wa Nyeri: kuwapelekea wapiganaji chakula na habari kwa siri. Mumewe, Mutungi, aliingia msituni kwanza, naye akamfuata katika milima ya Nyandarua. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alimpa jina la Thonjo, yaani mnana, kwa ustadi wake wa kusuka mipango.

Vitabu vingi hufunga habari za vita hivyo kwa kukamatwa kwa Kimathi mnamo 21 Oktoba 1956 na kunyongwa kwake katika gereza la Kamiti, 18 Februari 1957. Muthoni alikuwa angali na miaka mingi ya kukaa msituni. Wakati huo watu walikuwa wameswagwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki lililochomekwa vijiti vyenye ncha, na askari wa Home Guard, Waafrika waliotumikia serikali ya kikoloni, wakilinda lango, kwa hiyo chakula hakikupita tena. Waliobaki msituni walikula nyama ya porini na asali, wakavaa ngozi kujikinga na baridi kali ya mlimani. Huko mimba yake iliharibika, na hakujaliwa mtoto mwingine. Alizoea kusema kwamba mwanawe ni Kenya. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, lakini yeye hakutoka. Alitoka Desemba 1963, bendera ya Uingereza ilipokwisha kushushwa, wapiganaji walipokusanyika uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri kukabidhi silaha.

Serikali ya Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, ilimpa kibali cha kuuza pembe za ndovu zilizokuwa msituni. Kibali hicho hakikuwa ardhi, na ardhi ndiyo iliyowaingiza watu msituni. Wenzake wengi walizeeka bila hata kipande cha shamba. Isitoshe, marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau ilidumu hadi 2003, na kwa miaka 40 ya uhuru chama cha maveterani hakikuweza kusajiliwa kwa jina hilo.

Nywele alizoanza kufuga msituni hakuzikata. Zilisokotana zikapita kiuno, naye alizifunga kwa kitambaa. Tarehe 2 Aprili 2022, akiwa na zaidi ya miaka 90, alimwita Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Jomo Kenyatta, azikate mbele ya umma huko Nyeri. Wengine walilalamika kwamba siasa za uchaguzi wa mwaka huo zilikuwa zimeingilia sherehe hiyo, lakini uamuzi wa lini zikatwe na nani azikate ulikuwa wake.

Alifariki miezi minne baada ya Mukami Kimathi, mjane wa Dedan, aliyezikwa Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi la mumewe.