Laivu Ikiisha, Nani Atakumbuka?

Wasee wa Voi, leo tuache utani kidogo.

Mwaka jana mzee mmoja wa ukoo wetu alisimama kwenye mazishi huko Wundanyi, akaongea kwa Kidawida karibu nusu saa. Nani alizaa nani, nani alihama Mbololo na kwa nini. Mimi nilikuwa Voi, nafuatilia laivu kwa simu, nikajiambia nitairudia jioni. Jioni kufungua, hakuna kitu. Binamu aliyekuwa anarusha hakuisevu. Miezi mitatu baadaye mzee naye akatuacha.

Hiyo hasira ndiyo ilinirudisha kwenye historia yetu, na nikaona si mara ya kwanza.

Anza na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kwenda Maktau, na 12 Februari 1916 wakapigana na Wajerumani kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Nenda leo makaburi ya vita ya Voi, Maktau au Taveta: utakuta mawe safi yenye majina. Sasa uliza majina ya wapagazi Waafrika waliobeba chakula na risasi za jeshi hilo. Wengi mno hawana hata jiwe. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa sawa na Wazungu, ikaomba radhi. Miaka 100 na zaidi imepita! Kama jina halikuandikwa siku ile, radhi haiwezi kulirudisha.

Halafu kuna wimbo wa Malaika. Kila mtu anaujua, lakini wengi hawajui kwamba Fadhili William, aliyeurekodi na kuufanya uvume, ni mtu wa kwetu. Jina lake la mwisho ni Mdawida. Miriam Makeba akauimba, Boney M nao wakauimba. Lakini Adam Salim wa Tanzania alisema yeye ndiye aliyeutunga, miaka ya 1940, kabla haujafika studio. Ubishi huo haujaisha hadi leo. Mimi siamui kesi. Naona tu kwamba jina lililoshika ni la yule ambaye sauti yake iliingia kwenye santuri.

Sasa sisi tuna simu, tunadhani tumepona. Hatujapona. Laivu ni kama redio ya zamani: ikipita, imepita. Februari 2025 Facebook ilianza kufuta video za laivu baada ya siku 30. Na kuna kuzimwa pia. 30 Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha pale Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, KTN na NTV. 25 Juni 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo viache kurusha matukio moja kwa moja, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha amri hiyo. Kwa hivyo mtu akikwambia "si iko mtandaoni," muulize: mpaka lini?

Dawa yangu ni ndogo. Laivu haiji kama mto mmoja. Inakatwa vipande vya sekunde chache, na simu yako inavuta kimoja kimoja. Programu ya bure kama yt-dlp inaweza kuvikusanya na kuviunga kuwa faili moja. Mimi nimeandika skripti ya mistari kumi hivi kwenye laptopu kuukuu. Kazi yake: kila dakika inaangalia kama ukurasa fulani uko laivu. Ukiwa laivu, inaanza kurekodi yenyewe, inaipa faili jina na tarehe. Laivu ikiisha, inarudi kungoja. Mimi naweza kuwa darasani au kwenye matatu ya Taveta, haijali. Na mrushaji akikatika katikati, vile vipande vilivyokwisha kuingia vinabaki.

Shida zipo, sitakudanganya. Stima ikipotea na betri ikaisha, umekwisha. Saa moja ya video nzuri inaweza kula gigabaiti moja au zaidi, kwa hivyo bando za simu zitalia. Mimi natumia waifai ya nyumbani. Na kubwa zaidi: kurekodi si ruhusa ya kusambaza. Kilio cha mama kwenye mazishi ya mwanawe si kontenti yako. Mimi naomba kwanza familia au mwenye ukurasa, kisha faili nampa yeye kwa flashi. Kazi ya msanii siipakii tena popote.

Najua kuna atakayesema hizi ni kelele tu, nani atatazama mazishi ya saa nne? Pengine hakuna, mwaka huu. Lakini nipe mjukuu mmoja wa 2060 anayetaka kusikia Kidawida cha wazee wa Mbololo kilivyokuwa, halafu tuongee.

Mpaka sasa nina faili saba. Moja ni ya shangazi yangu akimjibu mtu kwenye laivu ya harusi, akitaja majina ya mababu hadi kizazi cha sita. Mzee wetu alifika cha tisa. Vile vitatu sijapata mtu mwingine wa kunitajia.