Ziwa la starehe la South Fork na baraje yake ya udongo

Tukisikia baraje imebomoka, mawazo yanaenda kwa mashini na kompanyi za umeme. Ile ya South Fork, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, haikuwasha hata taa moja. Kufika 1889 kazi yake ilikuwa kushikilia ziwa ambamo watu wa mali walikuwa wanavua samaki.

Haikuanza vile. Leta ya Pennsylvania njo iliijenga, 1838 mpaka 1853, kwa udongo na mawe, kimo karibu meta 22, ili mfereji wa mashua usikauke wakati wa kiangazi. Kisha reli ikafika, mfereji ukakosa kazi, baraje ikauzwa. Mwaka 1862 ilibomoka sehemu. Maji yalikuwa machache, madhara yakawa kidogo. John Reilly, aliyeinunua 1875, aling'oa mabomba ya chuma ya chini na kuyauza kama vyuma chakavu. Mushike hilo jambo, maana njo lenye uzito kuliko yote: kuanzia pale hapakuwa tena namna ya kupunguza maji ya ziwa.

Mwaka 1879 Benjamin Ruff akaichukua kwa ajili ya klabu ya matajiri wa Pittsburgh. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa wanachama. Tundu waliliziba kwa udongo, mawe, matawi, nyasi kavu, hata mavi ya farasi. Juu ya baraje wakapashusha ili magari mawili ya farasi yapishane. Kwenye njia ya maji ya ziada wakaweka wavu wa chuma, samaki wao wasikimbie. Na mabomba? Hawakuyarudisha.

Daniel Morrell, mkubwa wa kiwanda cha chuma cha Johnstown, muji ulio km 23 chini ya bonde, alimtuma injeniere John Fulton kwenda kuangalia. Fulton aliona makosa mawili: mabomba hakuna, na kiraka ni kibovu. Morrell akajitolea hata kuchangia pesa za kutengeneza. Ruff akakataa.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa ya usiku, ule wavu ulijaa matakataka. Wafanyakazi wakachimba njia ingine ya maji, wakaongeza udongo juu, bure. Baraje ya udongo inaweza kuvumilia maji yanayoisukuma. Yakipita juu yake, yanakula udongo wa upande mkavu, na tundu linajipanua lenyewe. Habari zilitumwa kwa telegrafu, lakini watu wa bonde walishazoea kuambiwa kila mara kwamba baraje itavunjika. Walikufa watu 2209, na miili zaidi ya 700 haikutambulika.

Walioshitaki klabu hawakupata kitu. Iliitwa kazi ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, sawa. Na ule wavu je? Na yale mabomba?

Ncha mbili za baraje zingali zimesimama mpaka leo. Katikati ni wazi, na kijito kinapita.