Ziwa Tanganyika halikuanza kupanda jana



Toka maji ya Ziwa Tanganyika yapande mu 2021, kisha tena mu 2024, kila mtu ana maelezo yake. Wengine wanasema ni mwisho wa dunia. Wengine wanasema kuna baraji imefungwa pahali fulani. Wengi zaidi wanasema: «Hii kitu haijawahi kuonekana.» Mimi nilisoma agronomia, na hilo neno la mwisho njo linanisumbua zaidi. Mkulima akiamini kwamba maji haya ni ya mara moja tu, siku yatakaporudi chini atakwenda kupanda mihogo na kujenga nyumba palepale. Kwa hiyo leo nataka tusome historia ya hili ziwa. Imeandikwa, na ina tarehe.

Tuanze na swali lililowasumbua wageni wa zamani: maji ya Tanganyika yanatokea wapi? Mu 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi mpaka kaskazini, kwenye Rusizi, wakidhani labda ule mto unatoka ziwani. Wakakuta unaingia. Mu 1874 Mwingereza Cameron alifika ngambo ya magharibi, kwenye Lukuga, karibu na pale Kalemie iko leo. Wenyeji walimwambia kwamba mto ule unakwenda mpaka Lualaba. Lakini mdomo wake ulikuwa umezibwa na majani na matope. Stanley akapita pale mu 1876, naye hakuona maji yanatembea vizuri. Aliona lakini kwamba ziwa linapanda, akasema siku si nyingi litapata njia.

Na kweli lilipata. Ile miaka mvua ilikuwa mingi sana upande huu wa Afrika. Hata mto Nile ulifurika vibaya mu 1878. Ziwa likafika karibu mita 784 juu ya usawa wa bahari. Kizuizi cha Lukuga kikakatika. Mmisionari Edward Hore alipofika pale mu 1879 alikuta maji yanatoka kwa nguvu kwenda magharibi. Kiisha ziwa likaanza kushuka, mwaka kwa mwaka, na mpaka miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka kama mita 10.

Hapa ndipo historia ya maji inaingia kwenye historia ya miji yetu. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mu 1915. Bandari, magazini, kartiye za wafanyakazi, vyote vilipimwa kwa ziwa lililokuwa limeshuka. Ardhi yote iliyo chini ya mita 784 ilikuwa ndani ya maji mu 1878. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mabonde tunayolima na viwanja tunavyouza pembeni ya ziwa, ziwa liliviacha juzi tu, ukihesabu kwa maisha ya ziwa.

Si kusema mita 784 zitarudi. Kile kizuizi cha zamani kiliondoka, na njia ya Lukuga iko chini zaidi leo. Lakini mvua kubwa za mwisho wa 1961 zilipandisha maziwa yote ya upande huu, hata Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Tanganyika likaendelea kupanda mpaka 1964, likafika karibu mita 777. Na mu 2024 likafika tena kwenye urefu uleule. Kwa hiyo mtu wa Kalemie ao wa Uvira mwenye miaka 70 na zaidi alishaona maji haya akiwa mtoto.

Sasa, juu ya nini linapanda? Hapa njo kazi ya wanahidroklimatolojia, wale wanaosoma maji pamoja na hali ya hewa. Wanafanya hesabu kama ya mama wa sokoni: kinachoingia na kinachotoka. Inaingia mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, pamoja na mito kama Rusizi na Malagarasi. Inatoka sehemu ndogo kupitia Lukuga, na sehemu kubwa sana kwa njia ya mvuke, juu ya jua na upepo. Eneo la ziwa ni karibu kilomita za mraba 32.900. Likipanda mita 1 tu, maana yake zimeongezeka karibu mita za ujazo bilioni 33. Tuseme Lukuga inatoa mita za ujazo 300 kwa sekunde: ingehitaji zaidi ya miaka 3 kuondoa mita ile moja, kama hakuna kingine kinachoingia wala kutoka. Ndiyo maana ziwa halirudi mara moja kwenye urefu wake wa zamani mvua ikikatika. Linakumbuka mvua ya miaka iliyopita.

Na mvua zile zina chanzo chake mbali. Mwisho wa 1961, na tena mwisho wa 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yakapoa. Hali hiyo inaleta mvua nyingi Afrika ya Mashariki, na sisi wa ukingo wa ziwa tunapata fungu letu.

Tusichanganye lakini mambo mawili. Mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020 yalitoka mlimani: mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope, kwa saa chache. Ziwa linapanda polepole, kwa miezi. Yale ya mlimani yanahusu miti, miteremko na mitaro. Yale ya ziwa yanahusu pahali unapojenga. Yanakutana lakini pahali pamoja: udongo wa mashamba yetu ya mlimani unaposhuka, unaweza kuziba njia ya Lukuga. Mu 1938 mhandisi Mbelgiji, E.-J. Devroey, aliandika kitabu kizima juu ya tatizo la Lukuga. Mu 2024 tulikuwa tunauliza swali lilelile redioni.

Yote haya tunayajua kwa sababu gani? Kwa sababu kuna watu waliokuwa wanakwenda kila asubuhi kusoma ubao wenye sentimita ndani ya maji, na kuandika namba kwenye kaye. Majina ya wengi hayako kwenye kitabu chochote. Mbele ya 1960 bonde la Kongo lilikuwa na vituo zaidi ya 400 vya kupima mito. Vinavyofanya kazi leo havifiki hata sehemu ya kumi. Tangu 1992 kuna satelaiti zinazopima urefu wa maziwa, na namba zake zinapatikana bure kwa mwanafunzi yeyote mwenye mega kidogo. Ni msaada mkubwa, lakini satelaiti haikuona 1964. Haijui maji yalifika kwenye mlango gani wa kanisa ao chini ya mwembe gani.

Hiyo wazee wetu wanaijua bado. Aliyekuwa na miaka 10 mu 1964 amepita 70 leo, na kila mwaka tunawazika. Kwa hiyo, wewe unayetafuta suje ya memwari, uwe wa jeografia, wa jenie sivile ao wa agronomia kama mimi: chukua kaye na rangi nyekundu. Nenda kwa mzee, msalimu vizuri, umuombe akuonyeshe ile maji ilifika wapi. Weka alama ukutani, andika mwaka. Kiisha uende kuiangalia na bei ya kiwanja kinachouzwa chini ya ile alama.